HOTUBA YA MWENYEKITI: TUSICHAGUE HOSPITALI KWA PAZIA

 

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku hii ya leo, siku ya kuadhimisha miaka 10 ya kikundi chetu. Wenzetu waliotangulia mbele ya haki, Mungu awalaze mahali pema. Wageni wetu mliotoka Temeke, Kigamboni na Mkuranga, tunawaambia karibuni sana, pilau lipo, wala msiharakishe kuondoka.

Ndugu Mgeni Rasmi, tulianza mwezi Machi 2015, chini ya mwembe, hapa hapa Mbagala. Tulikuwa akina mama 17. Hisa moja ilikuwa shilingi 1,000 na wengine hata hiyo tulikuwa tunaipata kwa taabu. Tulikuwa wauza vitumbua, wauza samaki wa kukaanga, mafundi cherehani, na wengine tulikuwa hatuuzi chochote, tunasubiri baba arudi jioni. Watu walicheka. Walisema, hao wamekusanyika kusengenyana, baada ya miezi 3 watagombana. Leo tupo 46, na kugombana tumegombana, hatusemi uongo, lakini hatukuvunjika.

Habari za hisa, mikopo na gawio hatutazisema, kwani Mweka Hazina ameziandika vizuri katika kurasa zake. Sisi tumeona nafasi hii tuitumie kusema jambo moja tu. Jambo lenyewe limetutoa machozi, na ndilo lililotufundisha fedha ni ya nini.

Katika miaka hii 10, tukikaa siku ya Jumamosi baada ya kufunga hesabu, swali lililoletwa mara nyingi kuliko yote halikuwa la biashara. Ni mwenzetu, au binti yake, au mkwe wake, anakuja pembeni anasema hivi: "Mama, nimeenda kliniki, wameniambia mimba hii ina vidokezo vya hatari. Sasa nikajifungulie wapi? Serikali au binafsi?"

Jamani, si swali dogo hilo. Ukijibu vibaya, unaweza ukajibu kwa maisha ya mtu.

Kwanza tukumbushane hivyo vidokezo vya hatari, maana wapo wanaodhani ni maneno ya wauguzi ya kututisha. Mama mwenye umri mdogo chini ya miaka 18, au aliyevuka miaka 35. Mama aliyekwisha zaa mara nyingi. Mama mwenye kovu la upasuaji. Mimba ya mapacha. Mama mwenye presha, kisukari, selimundu au upungufu mkubwa wa damu. Mama aliyewahi kupata kifafa cha mimba, au aliyetokwa na damu nyingi uzazi uliopita, au aliyepoteza mtoto tumboni. Kuwa na kidokezo si kwamba lazima utaharibikiwa. Ni kwamba usijifungulie mahali ambapo jambo likitokea watu wataanza kutazamana.

Sasa kwa nini tunahangaika kuchagua? Tuseme ukweli bila kuoneana haya.

Hospitali ya serikali tunaiogopa kwa sababu ya msongamano na maneno. Wengi wetu tumelala wawili kitanda kimoja. Wengi tumeambiwa maneno ya kuchoma wakati tupo katika uchungu. Na ingawa tumeambiwa miaka yote kwamba kwa sera huduma za mama mjamzito ni bure, tumetumwa dukani kununua glovu, nyuzi, pamba na dripu usiku wa manane.

Hospitali ya binafsi tunaipenda kwa sababu unakaribishwa. Unaitwa kwa jina. Kuna kiti, kuna feni, kuna pazia la maua. Daktari anakuuliza na wewe unamwuliza. Lakini tunaiogopa kwa sababu ya bei, tena bei yenyewe hukua kama unga wa maandazi. Unaambiwa laki 3, unatoka na milioni moja.

Basi kila mtu akawa na upande wake, kama Simba na Yanga. Na sisi viongozi wenu tulikuwa na upande. Tulikuwa upande wa pazia.

Tunaomba sasa mtusikilize kwa utulivu. Mwenzetu ambaye habari hii ni yake yupo humu ukumbini. Tulimwomba ruhusa mara 2. Mara ya pili akasema, "Semeni, lakini msifiche ile ya kufuli."

Ilikuwa mwaka 2018. Mwenzetu huyo alikuwa na miaka 39, mimba ya tano, na mimba ya nne ilikuwa imemletea presha. Kliniki ya serikali walimwandikia kwenye kadi kwamba akajifungulie hospitali ya rufaa. Yeye hakutaka. Uzazi uliotangulia alitukanwa mbele ya wagonjwa wengine, na ile aibu ilikuwa haijamtoka. Akaja kwetu kuomba mkopo wa shilingi laki 8 ili ahudhurie hospitali moja ya binafsi, si mbali na hapa.

Ndugu zetu, hatukumwuliza hata swali moja. Tulipiga makofi. Tulijisikia fahari kwamba sasa na mwanachama wetu anaweza kuzaa kama wake za wakubwa. Wengine tulimsindikiza siku ya kwanza, tukarudi tunasimulia mapazia na vigae. Hakuna aliyerudi anasimulia chumba cha upasuaji.

Na hatuwezi kusema walimhudumia vibaya katika kliniki. Walimpima presha kila alipokwenda, walimpa dawa, walimpa namba ya simu. Alinenepa moyo. Lakini mimba ilipofika wiki 33, siku ya Ijumaa, akaanza kuumwa kichwa. Akanywa panado. Jumamosi uso ukavimba, macho yakawa yanaona vimulimuli, na chini ya kifua upande wa kulia panauma. Akadhani ni kiungulia. Hata kwenye kikao chetu cha Jumamosi alikuja, akalipa rejesho lake, akatuambia kichwa kinamgonga. Tukamwambia akapumzike. Akina mama 30 wenye watoto, hakuna aliyesema, "Huyu aende hospitali sasa hivi."

Saa 2 usiku mumewe akamfikisha hospitali ile ya binafsi. Presha ilikuwa juu sana. Walimchoma sindano ya kuzuia kifafa, ile ya magnesiamu, na walimpa dawa ya kushusha presha. Tulikuja kuelezwa baadaye na daktari mwingine kwamba walifanya sawasawa. Lakini wakasema, mtoto lazima atoke, na mtoto wa wiki 33 ni mdogo, sisi hatuna mahali pa kumlea njiti. Damu ya kundi lake hatuna. Mtaalamu wa usingizi haji usiku mpaka aitwe kutoka mbali. Apelekwe hospitali ya rufaa.

Hapo ndipo bei ikatokea. Ilibaki shilingi 430,000 na walitaka ilipwe kabla ya kuandika karatasi ya rufaa. Mume hana. Akatupigia simu.

Na fedha tulikuwa nazo! Hilo ndilo linalouma. Mfuko wa jamii ulikuwa na zaidi ya hizo. Lakini fedha zilikuwa ndani ya sanduku, na sanduku, kama mnavyojua, lina kufuli 3 na funguo 3 kwa watu 3 tofauti. Mmoja wetu mwenye ufunguo alikuwa ameenda Mkuranga msibani. Ufunguo upo kwenye pochi, pochi ipo Mkuranga. Tulikaa tunalitazama lile sanduku kama mtu anayetazama maji ya kisima na hana kamba. Mwisho fundi wa kuchomelea akaamshwa akaja kukata kufuli. Kutoka simu ilipopigwa mpaka mwenzetu alipotoka pale, zilipita zaidi ya saa 2.

Hospitali ya rufaa, ile ile aliyoikimbia, walimpokea. Hawakumkaribisha kwa maneno mazuri, lakini walimpokea. Hawakuuliza fedha. Damu ilikuwepo, mpasuaji alikuwepo, alfajiri wakamfanyia upasuaji. Mama akapona. Mtoto, alikuwa wa kike, aliishi mpaka siku ya pili mchana.

Hatujui kama saa zile 2 zingemwokoa. Tunajua tu kwamba zilikuwa saa zetu, na tulizipoteza sisi. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kweli. Lakini na sisi tulionja kidogo.

Mumewe alisema neno moja siku ya tanga ambalo hatujalisahau. Alisema, "Mlimpa fedha, lakini hamkumpa maswali."

Baada ya hapo, Ndugu Mgeni Rasmi, tukageuka kama chandarua kwenye upepo. Tukasema basi, kuanzia leo hakuna binafsi, wote serikalini. Na hilo nalo halikuwa jibu.

Mwaka 2021 binti wa mwanachama wetu alipata mimba ya pili. Ya kwanza alijifungua kwa upasuaji, na tumbo la safari hii likawa kubwa kuliko miezi. Tukamwambia, serikalini, usitoke huko. Alienda. Alipangiwa ultrasaundi, akaambiwa mashine inahudumia watu wengi, arudi baada ya wiki 3. Alipouliza kama anaweza kupimwa mapema kwa sababu ya kovu, muuguzi mmoja akamjibu, "Ulipokuwa unaitafuta hiyo mimba ulituuliza?" Akarudi analia, anasema haendi tena hata wamfunge kamba.

Safari hii tulikuwa tumeshachomwa, kwa hiyo tulikaa chini naye tukafikiri. Wiki 3 ni nyingi kwa mwenye kovu. Tukamtolea shilingi 30,000 akapigwa ultrasaundi kwenye kituo cha binafsi siku ile ile. Ikaonekana ni mapacha, na wa kwanza amelala mkingamo. Majibu yale hakubaki nayo nyumbani, wala hakubaki kule binafsi. Tulimsindikiza akayapeleka serikalini, tukaomba kumwona daktari mwenyewe. Daktari alipoyaona, alibadilika. Aliandika kwenye kadi kwa wino mwekundu: upasuaji wa kupangwa, hospitali ya rufaa ya mkoa, tarehe fulani. Akamwambia dalili ambazo akiziona asisubiri hiyo tarehe.

Wiki moja kabla, watu 8 kutoka kikundini, wakiwemo waume zetu na vijana wetu 3, walikwenda kuchangia damu. Kuna mzee mmoja humu ndani alikuwa anaogopa sindano kuliko simba, na alichangia. Siku ya upasuaji binti alitokwa na damu nyingi kweli. Aliongezwa chupa 2. Watoto walikuwa wadogo, mmoja kilo 2.1 na mwingine kilo 1.9, wakawekwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, ile njia ya kangaruu. Njia hii ilianzia mji wa Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, hospitali ilipokuwa na upungufu wa mashine za kutunzia watoto. Kumbe kifua cha mama ni mashine. Wale mapacha ndio waliotuletea maua hapa mbele leo asubuhi.

Mnaona? Kipimo kilifanyika binafsi, upasuaji ukafanyika serikalini, kadi ikawa moja. Hakuna sheria inayosema ukianza huku usiende kule. Kosa ni kuwaficha huku kwamba umeenda kule.

Na ili tusionekane tunapiga debe la serikali, tuseme na ya tatu. Mwaka 2023 mwenzetu mwingine alipata kisukari cha mimba. Mumewe ana bima ya kazini. Alichagua hospitali kubwa ya binafsi. Safari hii hatukupiga makofi, tulimpa karatasi ya maswali. Akaenda nayo, akayauliza moja moja, mpaka daktari akacheka akasema, "Nani kakufundisha?" Walimjibu yote. Walimwonyesha hata mahali pa watoto njiti na friji ya damu. Akajifungulia huko, salama, yeye na mtoto. Hatuna la kusema ila shukrani.

Kwa hiyo baada ya miaka hii tumejifunza kwamba swali la "serikali au binafsi" ni swali lililokaa upande. Kibao cha nje hakizalishi. Zipo za serikali zenye kila kitu na zipo zisizo na kitu. Zipo za binafsi vivyo hivyo. Na za mashirika ya dini vivyo hivyo. Swali lenyewe ni hili: mimba hii ikigeuka saa 8 usiku, siku ya Jumapili, hapa kuna nini?

Haya ndiyo maswali yetu. Yamechapwa pia nyuma ya kitabu hiki ili myakate mkayabandike ukutani.

La kwanza: Chumba cha upasuaji kinafanya kazi usiku na siku za sikukuu? Mpasuaji na mtaalamu wa usingizi wanalala hapa, au wanaitwa? Wakiitwa wanachukua muda gani?

La pili: Damu mnayo hapa hapa, au mnaiagiza? Ndugu zangu wakija kuchangia mapema, wafanye nini?

La tatu: Mtoto akizaliwa kabla ya wakati, mnaweza kumpa joto, oksijeni na kumlisha, au mtamhamisha?

La nne: Dawa ya kifafa cha mimba mnayo, na anayejua kuitoa yupo kila zamu?

La tano: Mkishindwa mtanipeleka wapi, kwa gari gani, na muuguzi gani atapanda nami? Karatasi ya rufaa mtanipa hata kama sijamaliza kulipa?

La sita: Bei yote ni kiasi gani nikizaa kawaida, nikipasuliwa, na mtoto akibaki wodini wiki 2? Tuandikieni.

La saba: Nani ataitazama kadi yangu tangu leo mpaka nijifungue?

Yakijibiwa vizuri serikalini, nenda serikalini na uvumilie foleni. Yakijibiwa vizuri binafsi na fedha unayo, nenda binafsi na Mungu akubariki. Mahali wanapokasirika ukiuliza, ondoka ukiwa bado unatembea kwa miguu yako.

Na maswali haya yanaulizwa mapema, mimba ikiwa miezi mitatu, minne. Hayaulizwi mlangoni ukiwa na uchungu. Kuna mambo daktari anaweza kuyafanya ukienda mapema tu. Mama aliyewahi kupata presha ya mimba, kwa mfano, daktari anaweza kumwanzishia aspirini ndogo tangu mimba ikiwa changa, ili kupunguza hatari. Asijinunulie mwenyewe dukani, aandikiwe. Lakini ukienda kliniki mimba ina miezi 7, hilo basi limeshapita kituo.

Tena tusisahau zile dalili ambazo hazisubiri tarehe ya kliniki: kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au vimulimuli, uso na mikono kuvimba, maumivu makali juu ya tumbo, damu hata kidogo, maji kuvuja, homa kali, kifafa, au mtoto kupunguza kucheza. Na kifafa cha mimba kinaweza kuja hata baada ya kujifungua, kwa hiyo mzazi akilalamika kichwa siku ya tatu, msimwambie ni usingizi. Mwanachama yeyote akimsikia mwenzake anasema neno mojawapo kati ya hayo, hata kama tupo katikati ya kuhesabu hisa, kikao kinasimama. Hiyo sasa ni kanuni ya kikundi.

Kanuni nyingine tulizoweka tangu mwaka 2019 ni hizi. Tuna mfuko wa mama mjamzito, shilingi 500 kwa kila mwanachama kila wiki, mbali na mfuko wa jamii. Fedha yake haikai kwenye sanduku. Ipo kwenye simu, na viongozi 2 wakikubaliana inatoka saa yoyote, usiku au mchana. Haina riba. Haiombwi kwenye kikao. Mama anarejesha mtoto akifikisha miezi 6, kidogo kidogo. Mpaka leo imewasaidia akina mama 14. Wote 14 wapo hai. Watoto wao 15 wapo hai. Tunasema hivyo kwa kumshukuru Mungu, si kwa kujisifu, kwa sababu tunajua hesabu hiyo inaweza kubadilika usiku wowote.

Ile kufuli iliyokatwa mwaka 2018 hatukuitupa. Ipo pale mezani pamoja na vitabu vyetu vya hesabu. Wageni mkipita kuangalia maonyesho mtaiona. Wengine wanadhani ni uchafu umesahaulika. Hapana, tumeiweka makusudi.

Ndugu Mgeni Rasmi, nchi yetu imepiga hatua na ni haki tuseme. Utafiti wa taifa wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha akina mama 556 walikuwa wakifariki kwa sababu ya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa mwaka 2022 ukaonyesha 104. Mwaka huo huo wa 2022 Serikali ilizindua kwa nchi nzima mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama, unapiga namba 115 bila malipo, unatafutiwa gari la wagonjwa, na pale ambapo gari halipo unatafutiwa dereva wa jamii aliyesajiliwa. Sisi wenyewe tumewahi kuipiga, na gari lilikuja. Lakini 104 bado ni watu. Kila mmoja ana jina, ana sufuria yake jikoni, na ana watoto wanaouliza mama yuko wapi.

Kwa hiyo tuna maombi matatu.

Kwenu viongozi wa serikali: tunaomba mtusaidie kuhusu lugha. Vitanda vinahitaji fedha, hilo tunaelewa. Lakini neno "karibu mama" halihitaji bajeti. Mwenzetu wa mwaka 2018 hakukimbia uchafu wala foleni. Alikimbia tusi. Tusi moja lilimtoa mahali penye damu likampeleka mahali pasipo na damu. Na tunajua wapo wauguzi wengi wanaofanya kazi kwa huruma, mmoja kwa wagonjwa 20, mpaka miguu inavimba. Hao tunawapa heshima, na tunaomba waongezewe wenzao.

Kwenu wenye hospitali za binafsi: mama mwenye vidokezo vya hatari akija, mwambieni siku ya kwanza mnachoweza na msichoweza. Hatutawadharau. Mkisema "sisi tutakulea mpaka wiki ya 30, halafu tutakukabidhi kule", tutakuja kwa wingi, na tutalipa. Mnachotuumiza ni kutuambia saa 2 usiku.

Kwenu waume zetu: mimba haina uke peke yake. Mjue kundi lenu la damu na la mkeo. Mjue kadi inakaa wapi. Mjue jibu la yale maswali 7 kabla mwezi wa saba haujafika. Na tafadhali, pale mkeo anapopewa rufaa, usianze kusema tusubiri mpaka mjomba aje. Mjomba atakuta msiba.

Na kwetu sisi wanachama: tuendelee kuweka akiba. Tulipoanza tulidhani akiba ni kwa ajili ya kununua vitu. Cherehani, friji, bati. Vyote tumenunua na ni vizuri. Lakini akiba iliyo bora kuliko zote ni ile inayokupa nafasi ya kuchagua kabla hujalazimika. Mwenye fedha usiku wa manane bila kuuliza mapema, amechelewa kama asiye nayo. Sisi ni mashahidi.

Mwenzetu wa mwaka 2018, ambaye hatutamtaja ingawa nyote mnamjua, ndiye leo msimamizi wa mfuko wa mama mjamzito. Tulipomchagua alikataa mara ya kwanza. Mara ya pili akakubali kwa sharti moja, kwamba simu yake isizimwe usiku, na kikundi kimnunulie betri ya akiba. Tulimnunulia. Ni shilingi 25,000, na hatujawahi kununua kitu cha maana zaidi ya hicho.

Ndugu Mgeni Rasmi, ndugu wanachama, tumesema mengi na pilau linapoa. Tunawashukuru wote mliotuunga mkono miaka hii 10. Tunawaombea akina mama wote wenye mimba siku ya leo, popote walipo, wawe na mtu wa kuwauliza maswali.

Umoja wetu udumu.